Wi-Fi ya kompyuta yako ya kwanza ya gemu: amua kabla hujanunua bodi mama

Anayejiundia kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huhesabu kila kitu: prosesa, kadi ya grafiki, RAM, pawa saplai, hata rangi ya taa za feni. Intaneti huikumbuka siku ya mwisho, mashine ikiwa imeshafungwa na kuwekwa mezani. Hapo ndipo anapogundua kuwa bodi haina Wi-Fi na ruta iko sebuleni, kuta tatu kutoka chumbani kwake. Anakimbilia dukani, ananunua kijiti cha USB cha bei ya chini kuliko vyote, na kuanzia siku hiyo lawama zote zinamwangukia mtoa huduma ya intaneti.

Jambo hili liamuliwe mapema, kwa sababu bodi mama ndiyo inayofungua au kufunga njia zako. Tena usibabaishwe na namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Gemu ya mtandaoni ikichezwa hula data kidogo, mara nyingi chini ya Mbps 1. Inachodai ni kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ifike kwa wakati wake, sekunde baada ya sekunde, bila kuyumba.

Hesabu mbili za kuanzia

Ya kwanza ni ya kushusha gemu. Gemu ya GB 100 kwenye kifurushi cha Mbps 20 huchukua takriban saa 11. Hata kadi ya Wi-Fi ya kizazi kilichopita ina uwezo mara nyingi zaidi ya hizo Mbps 20, kwa hiyo kununua kadi ya bei mbaya hakutapunguza hata dakika moja. Shingo ya chupa ni kifurushi chenyewe.

Ya pili ni ya umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka: tayari ni milisekunde 68, na kebo halisi za baharini kama SEACOM, TEAMS na EASSy hazipiti mstari ulionyooka. Hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,900, yaani milisekunde 29 kwa uchache. Hakuna antena itakayofuta namba hizo. Wi-Fi nzuri huongeza juu yake milisekunde 2 hadi 5. Wi-Fi mbovu huongeza 3 sasa hivi, kisha 150 ghafla, kisha inarudi 4. Kuruka huko ndiko kunakokufanya upigwe risasi ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta.

Hatua ya 1: pima chumba kwa simu

Usinunue chochote kabla ya kupima. Chukua simu ya Android, weka programu yoyote ya kuchambua Wi-Fi inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, kisha simama pale kompyuta itakapokaa. Funga mlango. Shusha simu hadi usawa wa nyuma ya kasha, chini ya meza kama kasha litakaa chini ya meza. Pima 2.4 GHz na 5 GHz, zile bendi mbili za Wi-Fi, kila moja peke yake. Kama ruta imeziunganisha kwa jina moja, ingia kwenye mipangilio yake uzitenganishe kwa muda.

Namba hizi ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Kati ya -40 na -60 kwenye 5 GHz uko pazuri sana. Hadi -67 bado inatosha kwa gemu. Ukifika -75, hakuna kadi itakayokuokoa; shida iko kwenye nyumba.

Na nyumba zetu hazina huruma. Ukuta wa tofali la saruji hula mawimbi ya 5 GHz kuliko ubao, na zege yenye nondo hula zaidi. Friji, tanki la maji, kioo kikubwa cha kabati na bati huyarudisha yalikotoka. Kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ukuta mmoja unaweza kuwa na unene wa nusu mita; huko usitegemee 5 GHz ivuke vyumba viwili.

Dawa ya kwanza ni ya bure: sogeza ruta. Mafundi wa faiba hupenda kuiacha pale waya unapoingilia, nyuma ya televisheni au kwenye kona sakafuni. Ipandishe juu ya kabati, iwe wazi, karibu na katikati ya nyumba. Kama waya wa faiba ni mfupi, mwite fundi wa kampuni auongeze. Usiuvute wala kuukunja mwenyewe, maana kioo kilicho ndani huvunjika.

Kabla hujaendelea, fikiria pia waya wa mtandao. Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, na pingi yake kwenye ruta, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, huwa chini ya milisekunde 1 bila kuyumba. Kama unaweza kupitisha mita 15 juu ya dari na mwenye nyumba hana neno, fanya hivyo. Muulize muuzaji kama ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayoandikwa CCA. Hiyo ya pili ni dhaifu, hukatika ikikunjwa na haifai kwa masafa marefu. Hata ukitumia waya, Wi-Fi kwenye bodi haipotei bure, kwa kuwa chipu hiyohiyo ndiyo hubeba Bluetooth ya padi na ya hedifoni.

Hatua ya 2: chagua njia

Njia ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza, ni bodi mama yenye Wi-Fi ndani yake. Hakuna cha kufunga wala sloti inayoliwa. Angalia jina kwa makini kwa sababu bodi moja hutoka kwa sura mbili: Gigabyte mara nyingi huongeza AX mwishoni kwa Wi-Fi 6 na AC kwa Wi-Fi 5, wakati MSI na ASUS huandika WIFI. Herufi hizo zikikosekana, kwa kawaida Wi-Fi haipo, hata kama picha ya tangazo inaonyesha vinginevyo. Uhakika zaidi ni kuangalia mgongo wa bodi: kwa kawaida kuna viunganishi viwili vya dhahabu vyenye hesi, vya kufungia antena. Muulize muuzaji bei ya sura zote mbili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko bei ya kadi ya kuongeza, usifikirie mara mbili.

Ukinunua bodi ya mtumba, Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam, dai antena zake. Hupotea kuliko kitu kingine chochote kwenye boksi. Zikikosekana, nunua mbili za aina ya RP-SMA. Usichukue antena za ruta za 4G, ambazo mara nyingi ni SMA ya kawaida: hesi itaingia vizuri kabisa, lakini ndani pini inakutana na pini, na unaweza kuharibu kiunganishi cha bodi.

Njia ya pili ni kadi ya PCIe, ile inayochomekwa kwenye sloti ndani ya bodi. Inafaa pale ambapo bodi unayo tayari na haina Wi-Fi. Ni njia nzuri, ila ina mitego minne inayowanasa watu kila siku.

Mtego wa kwanza ni sloti. Kadi za Wi-Fi huingia kwenye sloti fupi ya x1, na kwenye bodi ndogo za micro-ATX sloti hiyo mara nyingi iko chini kabisa ya kadi ya grafiki. Kadi ya grafiki yenye unene wa sloti mbili na nusu au tatu itaifunika. Pima kabla. Habari njema ni kwamba kadi ya x1 huingia pia kwenye sloti ndefu ya x4 au x16 iliyo chini. Soma tu kitabu cha bodi, kwa sababu sloti nyingine hugawana njia na nafasi ya M.2 (ya SSD) au na SATA (ya diski), na ukiijaza kimoja kinazimika.

Wa pili ni Bluetooth. Kadi huchukua Wi-Fi kupitia PCIe lakini Bluetooth kupitia USB, ndiyo maana huja na waya mdogo unaochomekwa kwenye pini 9 za USB 2.0 ndani ya bodi. Usipouchomeka, Wi-Fi itafanya kazi na Bluetooth haitaonekana kabisa. Bodi za bei nafuu zina sehemu mbili tu za pini hizo: moja inachukuliwa na matundu ya USB ya mbele ya kasha, nyingine na kipoza prosesa cha maji au kidhibiti cha taa. Zihesabu kabla ya kulipa.

Wa tatu ni chipu. Tafuta kadi yenye Intel AX210 au AX200; zote mbili zinakubali bodi za Intel na za AMD. Jihadhari na AX201 na AX211. Majina yanafanana, bei ni ya chini, lakini hizo sehemu ya kazi yao hufanywa ndani ya prosesa na chipseti ya Intel, hivyo kwenye bodi ya AMD ni kipande cha plastiki tu. Intel BE200, ya Wi-Fi 7, nayo imetengenezwa kwa mifumo ya Intel na bodi nyingi za AMD haziitambui. Ukiwa na AMD na unataka chipu isiyo ya Intel, MediaTek MT7922, ambayo pia huitwa RZ616, inafaa.

Wa nne ni tangazo. AX3000 maana yake ni kasi ya bendi mbili iliyojumlishwa, na kompyuta yako haitumii bendi zote mbili kwa pamoja. Kwenye 5 GHz kwa antena mbili na upana wa chaneli wa MHz 80, Wi-Fi 5 hufikia Mbps 867 na Wi-Fi 6 hufikia Mbps 1,201. Hizo ni namba za kiungo. Kinachopita kweli ni kama nusu hadi theluthi mbili.

Bodi nyingine zisizo na Wi-Fi zina nafasi tupu ya M.2 ya aina ya Key E. Ukiiona, unaweza kununua moduli ya AX210 yenye ukubwa wa 2230 na seti ya nyaya mbili za antena, ukabakiza sloti zako. Usiichanganye na M.2 ya SSD, ambayo ni Key M. Mkato wake uko mahali tofauti na moduli haitaingia.

Njia ya tatu ni adapta ya USB. Rahisi ni ghali, na hapa methali imekaa mahali pake. Kijiti kidogo kama ukucha kina antena ndogo sana, hupata joto, na kikichomekwa nyuma ya kasha la chuma kinakuwa kimejificha. Ukilazimika, chukua yenye antena ya nje, ya bendi mbili na ya USB 3.0, na uitumie kwa waya wa kuongezea wa mita 1 ili ikae juu ya meza. Waya huo una kazi nyingine pia: matundu ya USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia kwenye 2.4 GHz, jambo ambalo Intel wenyewe walilieleza kwenye waraka wao wa mwaka 2012. Kijiti kilichochomekwa kando ya diski ya nje ya USB 3.0 kwenye 2.4 GHz kitakwamakwama bila sababu inayoonekana. Adapta isiyo na jina, yenye draiva (programu ya kuifanya Windows iitambue) kwenye CD ndogo, iache kaunta.

Kizazi gani?

Wi-Fi 6 inatosha. Wi-Fi 5 iliyo kwenye bodi unayoipenda nayo isikukoseshe usingizi, mradi ruta iko karibu. Wi-Fi 6E huongeza bendi ya 6 GHz, ambayo ni tulivu lakini huchoka upesi zaidi ukutani, na itakufaa tu ikiwa ruta yako inayo, nchi imeiruhusu na umeweka Windows 11. Windows 10 haiitumii. Wi-Fi 7 nayo inahitaji Windows 11 toleo la 24H2. Ruta nyingi zinazogawiwa na kampuni za faiba hazifiki huko. Fedha hiyo iongeze kwenye SSD.

Hatua ya 3: kufunga

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 5 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Fungua bamba la nyuma mkabala na sloti, ingiza kadi kwa kuikandamiza sawasawa pande zote, kaza skurubu kwa bisibisi, kisha chomeka waya wa Bluetooth; upande mmoja una tundu lililozibwa, fuata huo. Kama ni moduli ya M.2, iingize ikiwa imeinama kidogo, ilaze, kaza skurubu, halafu bonyeza vichwa vya nyaya za antena kwa ukucha, vikiwa vimenyooka, hadi visikike tiki. Vichwa hivyo havikuundwa kuchomolewa mara kwa mara.

Fungia antena zote mbili. Tunalisema kwa sababu ndilo kosa linaloongoza: boksi la bodi linatupwa stoo na antena zikiwa ndani, na mtu anahangaika wiki nzima na mstari mmoja wa mawimbi.

Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa upande, kama tairi lililolala sakafuni, na kidogo sana juu na chini. Ikiwa ruta iko ghorofa moja na wewe, zisimamishe. Ikiwa iko ghorofa nyingine, laza moja. Na kama kasha linagusa ukuta chini ya meza, tafuta antena yenye kitako cha sumaku na waya, uiweke juu ya meza. Kwa fedha kidogo, hakuna badiliko linaloshinda hilo.

Hatua ya 4: siku ya kuweka Windows

Windows 11 hudai intaneti wakati wa kusakinishwa, na mara nyingi haina draiva ya kadi yako ya Wi-Fi. Jiandae kabla. Kwenye kompyuta nyingine, fungua ukurasa wa bodi yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, shusha draiva za LAN (mtandao wa waya), Wi-Fi na Bluetooth, uziweke kwenye flashi. Njia ya haraka zaidi ni simu ya Android: ichomeke kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Windows itaiona kama kadi ya mtandao bila draiva yoyote. iPhone haifanyi hivyo kirahisi, kwa kuwa inataka draiva yake kwanza. Angalia bando, masasisho ya Windows hula GB kadhaa, kwa hiyo ukifika kwenye desktopu uweke muunganisho huo kuwa "Metered connection" haraka.

Hatua ya 5: pima, ndipo ulalamike

Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, usome namba ya "Default Gateway". Hiyo ndiyo ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1. Kisha fungua madirisha mawili. Kwenye la kwanza andika ping -n 200 192.168.1.1, kwenye la pili ping -n 200 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google nje ya nyumba yako, yaende pamoja.

Dirisha la ruta likionyesha wastani wa milisekunde 1 hadi 4, kilele chini ya 20 na pakiti zilizopotea 0, Wi-Fi yako ni nzima. Usiiguse. Kama dirisha la pili peke yake ndilo linaloruka, tatizo liko mbele ya ruta. Mwambie mtu apakie video huku majaribio yakiendelea: 8.8.8.8 ikipanda toka 40 hadi 300 na ruta ikabaki 3, foleni imejaa kwenye laini. Tafuta QoS au SQM, mipangilio ya kupanga foleni ya data, kwenye ruta, weka kikomo cha kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima. Wenye ruta za 4G au 5G wataona kuyumba kunakotoka kwenye mnara wenyewe, hasa jioni watu wakirudi nyumbani, na kadi mpya haitabadili kitu.

Ikiwa dirisha la ruta ndilo linaloruka, andika netsh wlan show interfaces. Soma chaneli na asilimia ya mawimbi. 66% ni sawa na takriban -67 dBm. Ukijikuta uko kwenye chaneli ya 1 hadi 13, umeshikwa na 2.4 GHz; hamia 5 GHz. Kwenye ruta, weka 5 GHz chaneli ya 36 hadi 48. Zile za 52 hadi 144 zinagawana nafasi na rada, na ruta ikisikia rada inalazimika kuhama ghafla, nawe unatupwa nje ya mechi. Majirani wakiwa wengi, punguza upana toka MHz 80 hadi 40. Kama 2.4 GHz ndiyo pekee inayokufikia, tumia chaneli 1, 6 au 11 kwa upana wa MHz 20, na ucheze kwa padi ya waya, kwa kuwa Bluetooth nayo iko kwenye masafa hayohayo.

Pingi ikiruka kwa mpigo unaojirudia, fungua "Device Manager", kadi ya Wi-Fi, "Power Management", uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kwenye "Advanced" ya kadi za Intel, chagua kupendelea 5 GHz.

Kadi isipoonekana kabisa, izime mashine, iingize upya, ujaribu sloti nyingine, kisha uangalie kwenye BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe) kama Wi-Fi imezimwa. Ikionekana na alama ya njano, ni draiva: ondoa iliyopo, weka ya mtengenezaji wa chipu. Na kama Wi-Fi ilikuwepo jana ikatoweka leo bila kuguswa, zima kompyuta, zima swichi ya pawa saplai kwa sekunde 30, uwashe. Chipu hizi wakati mwingine huganda, na kuanzisha upya kwa kawaida hakukati umeme unaoendelea kuzifikia.